Chumba cha uani: mgahawa wa Ngamiani kwa mama mwenye mtoto asiyetulia kwenye titi

Wiki saba sasa ninakula kwenye mgahawa huu, Jumatatu hadi Ijumaa, mara mbili kwa siku: uji saa nne asubuhi, wali saa saba mchana. Upishi wao naujua na nitausema. Lakini sikuingia pale kwa ajili ya wali. Niliingia na mtoto wa miezi mitano aliyekuwa hataki tena kunyonya mchana, nikabaki kwa sababu uani kwao kuna chumba kidogo ambacho ukutani hakuna kitu.

Msiutafute kwa jina, hauna kibao. Uko Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya nane. Ukitoka mjini unavuka reli, ukishaingia barabara hiyo unaulizia kwa Bi Mkubwa wa mbaazi. Nyumba ni ya kizamani, baraza mbele, ukumbi wenye meza nne, kisha ua. Asubuhi baiskeli zinapangana pale mlangoni mpaka unapita ubavu. Ni za mafundi na wapagazi wa sokoni, watu wasiorudi mahali walipoibiwa kipimo.

Mwanangu ni wa kiume, amepewa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani wote tunamwita Babu. Miezi ya mwanzo alinyonya popote. Barazani, ndani ya daladala, msibani katikati ya wanawake hamsini, yeye alikuwa na lake tu. Likizo yangu ya siku 84 ikaisha, nikarudi kazini, na bado tulikuwa salama. Mwishoni mwa Aprili, alipopita miezi minne, mambo yakabadilika ndani ya wiki moja. Anashika titi, anavuta mara tano sita, maziwa ndiyo kwanza yanaanza kushuka, mlango unalia. Anageuka. Na haachii kwanza. Anageuka nalo mdomoni, na chuchu inamfuata. Aliyenyonyesha anayajua maumivu hayo. Maziwa yanamchuruzika shavuni, yeye anamchekea aliyeingia. Unamrudisha, anavuta mara mbili, kunguru analia juu ya bati, basi tena.

Shangazi yake, kwa mapenzi yake, akaniambia maziwa yangu yamekuwa mepesi na mtoto ameyakinai, nimkorogee uji. Mimi moyoni nilikuwa nawaza baya zaidi: kwamba mwanangu amenikataa kwa sababu nimemwacha nikaenda kazini. Kwenye kadi ya kliniki mwezi wa nne alikuwa na kilo 6.6, mwezi wa tano kilo 6.8. Mstari ulikuwa umeanza kulala, na niliuangalia ule mstari usiku na mchana.

Muuguzi aliyempima hakunitisha. Aliniuliza kwanza nepi ngapi zinalowa kwa siku. Nikamwambia sita, saba. Na usiku? Usiku ananyonya mpaka kunakucha. Ndipo akanieleza jambo ambalo natamani ningeambiwa siku ile ile niliyoruhusiwa kutoka wodini. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 tu kutoka usoni mwake, yaani titi na uso wa mama yake. Akifika miezi minne, mitano, anaona mpaka upande wa pili wa chumba, na kila sauti anataka kujua imetokea wapi. Maziwa hajayakinai. Mchana ana mengi ya kutazama, basi anaonja tu. Usiku giza likiingia hana cha kutazama, ndipo anadai deni lake lote. "Uji bado," akasema, "na maji bado, mpaka atimize miezi sita. Mtafutie mahali ambapo cha kutazama ni wewe tu."

Mahali hapo nilipatafuta wiki mbili.

Ninafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na nyumbani ni Mwakidila, mbali kwa kwenda na kurudi mara mbili. Muda ninao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na mwajiri wangu hajawahi kuzinung'unikia. (Nimekutana na wanawake wengi wa mjini hapa wasioijua haki hiyo. Iulizieni.) Wifi yangu anamleta mtoto kwa bajaji, tunakutana. Tatizo lilikuwa tukutane wapi. Ofisi yetu ni chumba kimoja, madereva wanaingia na makaratasi, simu zinalia, na Babu anawapenda madereva.

Nilijaribu bustani ya Jamhuri kwa ajili ya kivuli chake na upepo wa bahari. Kwa mtu mzima ni mahali pa kupumzisha roho. Kwa mtoto wa umri ule kulikuwa na meli, mashua, majani yanayocheza na watu wanaopita. Saa nzima tulikaa, sidhani kama alinyonya dakika tatu. Nilijaribu mgahawa mmoja wa pwani wenye viti vizuri vya mito. Mhudumu akanijia kwa sauti ya chini akaniomba nikanyonyeshee chooni, maana wageni wanakula. Mwanangu naye alikuwa anakula. Nililipa soda yangu nikaondoka.

Nikaagiza Dar es Salaam kile kitambaa cha kunyonyeshea kinachovaliwa shingoni, chenye ukosi wa waya ili mama aweze kumchungulia mtoto. Kikaletwa na basi, nikakifuata stendi ya Kange, jumla shilingi 21,000. Kwa mtoto wa mwezi mmoja huenda kinafaa. Kwa wa miezi mitano hakifai kabisa: anakishika, anakivuta, anachungulia nje, anajificha tena, na titi limeshasahaulika. Humo ndani joto letu linamlowesha jasho mpaka nywele zinanata. Kinamsitiri mama. Mtoto hakimsaidii, na aliyekuwa na shida pale ni mtoto. Kanga yangu kuukuu inafanya kazi bora kwa sababu simfuniki nayo. Naitandaza begani niweze kuziba upande mmoja tu, ule wenye watu.

Kwenye mgahawa huu tuliingia kwa sababu ya mvua. Ilikuwa katikati ya Mei, masika bado haijatuachia, bajaji ikakataa kuvuka dimbwi la barabara ya nane. Tukakimbilia kwenye baraza, mimi, wifi na Babu. Nikaagiza chai ili nisionekane nimekuja kujikinga tu, nikaketi pembeni nikaanza kumnyonyesha. Ilikuwa yale yale. Kila aliyeingia akikung'uta mwamvuli, Babu alimgeukia. Kifua changu kilikuwa kimejaa mpaka kimekuwa kigumu, dira limelowa mbele, na machozi yalikuwa karibu.

Mwenye mgahawa, mwanamke wa makamo ya mama yangu, akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huyo hatulii?"

"Anashangaa kila kitu. Hanyonyi."

"Basi wamkalisha njiani ya nini? Hebu pita uani."

Hakusema zaidi. Alitangulia, nikamfuata.

Chumba chenyewe ni stoo. Nakadiria hatua nne kwa tatu. Upande mmoja kuna magunia ya mchele na ndoo za unga. Upande wa pili mkeka wa ukindu juu ya godoro jembamba, na mto. Bi Mkubwa hujinyoosha pale baada ya adhuhuri. Dirisha ni moja, dogo, juu karibu na dari, na linatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo mwanga unaingia lakini hakuna kinachoonekana. Kuta zimepakwa chokaa ya kijani hafifu iliyokwishapauka. Hakuna kalenda, hakuna picha, hakuna saa ya ukutani. Nimeingia nyumba nyingi nzuri tangu siku ile na sasa ndicho kitu cha kwanza ninachotazama: mtoto akilala kwenye paja langu la kushoto, macho yake yataangukia wapi? Pale yanaangukia kijani, na juu yake uso wangu.

Sauti nayo. Nilikuwa nadhani mtoto wa namna hii anataka kimya. Sivyo, walau si huyu wangu. Nyuma ya ukuta wa chumba ndipo wanapokuna nazi. Msichana wa jikoni anakaa kwenye mbuzi kuanzia saa tatu, na ile kruu, kruu, kruu inaendelea bila kukatika mpaka nazi kumi na tano ziishe. Babu hajageukia sauti hiyo hata mara moja. Kinachomgeuza ni sauti inayozuka: sufuria kuanguka, mtu kuita, honi. Mkuno wa nazi unazimeza hizo zote. Siku ile ya mvua alishika titi, akatazama ukuta, akatazama kidevu changu, akafumba macho. Nilihisi maziwa yakishuka na safari hii yakapata mtu wa kuyameza. Alimaliza upande mmoja, nikamweka begani akacheua, nikampa wa pili. Nilipotoka wifi aliniambia tumekaa dakika ishirini na tano. Chai yangu ilikuwa imefunikwa na kisahani.

Kulikuwa na mambo mawili ya kurekebisha, na niyataje kwa sababu utakutana nayo. Darini kuna feni, na hakuna kitu ambacho mtoto wa miezi mitano anakipenda kama mapanga ya feni. Niliomba niizime. Kulikuwa na joto, na Bi Mkubwa kesho yake akaleta feni ndogo ya mezani, akaiweka nyuma ya magunia ikitazama mgongo wangu. La pili ni mlango: hauna ubao, ni pazia, na upepo ukivuma pazia linacheza. Nimeleta vibanio vinne vya kuanikia nguo, ninabana pazia chini kwenye gunia. Vibanio nimeviacha pale, vimetundikwa kwenye msumari kulia kwako ukiingia.

Sasa chakula. Uji wao wa asubuhi ni wa mchele, umepikwa kwa tui la nazi, una pilipili manga ya kutosha na iliki kidogo. Bakuli shilingi 700. Si mzito wa kukaa kooni wala si maji maji; unateremka wenyewe na unakupa jasho jepesi la paji la uso. Bi Mkubwa anaamini kabisa kwamba pilipili manga ndiyo inayoleta maziwa, kama walivyotufundisha bibi zetu. Nilichofundishwa mimi kliniki ni kwamba kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya. Titi linalotolewa mara nyingi ndilo linalotengeneza mengi. Sibishani naye. Mzazi mwenye njaa hawezi kukaa nusu saa ametulia, na bakuli lile linanituliza. Halafu kuna jambo dogo ambalo hakuna mgahawa mwingine ulionifanyia: maziwa yakishuka kiu inanishika ghafla, na kila siku nakuta kopo la maji limewekwa sakafuni, upande wa mkono ulio huru.

Mchana nachukua wali wa nazi. Wali wenyewe umechambuka, haushikani, na unanukia tui bichi. Mbaazi zao ndizo zilizowapa jina, na zinastahili: zimeiva mpaka moyo, mchuzi mzito wa tui la kwanza, chumvi ya kiasi. Wali na mbaazi shilingi 2,000. Wali na samaki 4,000, na hapo ninashauri uulize samaki wa lini. Akiwa ni changu wa asubuhi ile, kapakwa nazi na ndimu, kula bila wasiwasi. Jumatatu mara mbili nilipewa samaki ambaye nyama yake ilikuwa imelegea, na mara ya pili nilimrudisha. Wakanibadilishia kwa mbaazi bila maneno. Mchicha wao unaiva kupita kiasi. Mahamri ni mazuri yakiwa ya moto, baada ya saa tano yameshakauka. Msimu huu wanaweka mezani machungwa ya Muheza yamemenywa tayari, bure kwa aliyekula wali, nami nakula mawili.

Kasoro zipo na sizifichi. Tangu kusi ianze kuvuma, moshi wa mkaa unarudi uani na siku nyingine unaingia mpaka chumbani. Siku hizo nasubiri kwanza jiko likolee. Maji ya kunawa yako kwenye ndoo yenye bomba, na ndoo huwa tupu ikifika saa nane. Choo ni safi lakini giza. Ijumaa watu wanafurika kabla na baada ya swala, wapishi wanapita pita stoo kuchota mchele, na kila anayefunua pazia ananipotezea dakika kumi za kazi. Ijumaa njoo kabla ya saa tano au usije. Tena chumba ni cha mtu mmoja. Wiki iliyopita nilimkuta mama mwingine ndani, ana binti wa miezi sita. Tulijaribu kukaa wote wawili, na watoto wakaona kwamba wao ni jambo la ajabu kuliko titi. Nikatoka nikamwachia.

Chumba peke yake pia hakitoshi, na nisingependa mama aje kutoka Sahare au Makorora kwa kusoma haya, mtoto akatae, arudi nyumbani amevunjika moyo. Kilichotusaidia zaidi ni wakati. Wifi alijifunza kumpandisha kwenye bajaji akiwa na usingizi. Analala njiani, nampokea ndiyo kwanza anafungua jicho moja, naingia naye moja kwa moja bila kusalimiana na mtu, na mtoto wa usingizi hana habari na dunia. Salamu tunatoa tukitoka. Bi Mkubwa analielewa hilo na wala halimuudhi. Kabla hajashika titi nalikanda kidogo mpaka maziwa yaanze kutoka, asikae akingoja, maana pale anapongoja ndipo anapotafuta la kutazama. Mkono wake wa juu naupa kazi. Wifi alinitungia mkufu wa shanga kubwa za mbao, ananyonya huku anazihesabu kwa vidole. Uzi ni wa nailoni, umefungwa fundo kati ya shanga na shanga ili ukikatika zisimwagike, na ninauvuta kuupima kila asubuhi, kwa sababu shanga moja kooni ni msiba.

Na akigoma kabisa, simlazimishi. Nilimlazimisha siku mbili za mwanzo, nikimkandamiza kichwa, akawa analia akiliona titi tu. Sasa namwachia, namtembeza uani, narudi baada ya robo saa. Lakini ukiona nepi zimepungua, mkojo umekolea rangi, mtoto ana homa au amelegea, usitafute chumba wala mgahawa. Nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Katikati ya Juni Babu alitimiza miezi sita, akapimwa kilo 7.3. Mstari umeinuka. Ameanza uji wake, kidogo kidogo, na ninakusudia kuendelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi akitaka mwenyewe. Usiku anaamka mara mbili badala ya sita. Mimi nalala, na shangazi yake alipomwona amejaa mashavu alimbeba akampigia vigelegele, uji hakuutaja tena.

Nilimuuliza Bi Mkubwa nimlipe kiasi gani kwa ajili ya chumba. Alikunja uso, akaniuliza kama kwetu mtoto akinyonya nyumbani kwa mtu analipishwa. Sikumuuliza tena. Ninachofanya ni kula pale kila siku, na Ijumaa namletea pakiti ya sukari, anaipokea.

Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi, wanafunga chakula kikiisha, mara nyingi saa tisa alasiri. Jumapili hawapiki. Ukifika usimuulize msichana wa mezani habari za chumba, hana ruhusa ya kukupitisha. Msubiri mwenyewe atoke jikoni, msalimie, mwonyeshe mtoto. Chumba kikiwa na mtu, kuna benchi ukumbini upande wa kushoto. Kaa ukitazama ukuta, na mtoto mgeuzie kifuani mwako, kwa sababu uani kuna kuku na vifaranga, na akishawaona hao mchana umekwisha.